Miguu Nisiyoruhusiwa Kuiamkia

Mama yangu mpendwa,

Kabla mdogo wangu hajakohoa na kuanza kukusomea, naomba akae chini karibu nawe, asisimame mlangoni kama askari, na asome polepole bila kuruka. Naijua tabia yake ya kuruka mistari ya huzuni na kukimbilia salamu. Mdogo wangu, nimekuona. Rudi hapo juu.

Mama, hujambo? Goti la kushoto bado linakusumbua ukiinuka? Paa la jikoni limeshazibwa, au bado mnahamisha masufuria kila mvua ikianza? Mimi ni mzima wa afya, na nikisema mzima namaanisha kila kiungo, macho yakiwemo. Utaona kwamba sijakuamkia. Sijasahau, wala mji haujaniharibu. Shikamoo yako nimeiweka kando makusudi, nitakupa mwishoni, na tukifika huko utaelewa kwa nini. Naomba usinikasirikie kwanza.

Nianze na hilo la macho. Barua yenu imenifikia Jumanne, nikaisoma nimesimama kwenye ngazi, na nilipofika pale unapouliza ni nani ananishika mkono nikivuka barabara, ilibidi nikae. Mama, mimi si kipofu. Mjomba alinipigia simu akauliza kazini nimepewa cheo gani, nami nikamjibu kwamba huku mimi ndiye kipofu, na kabla sijamaliza kueleza simu ikakatika. Kumbe yeye akavaa koti akaja kwako moja kwa moja na uso wa msiba. Shangazi naye akafunga na kuomba. Mwambieni shangazi maombi yake yamepokewa, maana naona vizuri kuliko zamani. Mjomba mwambieni siku nyingine asubiri simu irudi.

Ulimaliza barua kwa amri. Nirudi nyumbani haraka, kwa sababu kazi inayompofusha mtu si kazi. Ukaongeza kwamba kama siwezi kusafiri peke yangu, basi mmoja wa rafiki zangu anisindikize, yule fundi rangi au yule mcheza mpira au yule mama mwenye pete. Nitakujibu yote mawili, amri yako na hao rafiki. Lakini lazima kwanza nikueleze kazi yenyewe, maana nimegundua sikuwahi kukueleza vizuri.

Huku tunatafiti kucha. Usicheke. Ni kucha ya dole gumba la mguu, ile inayopinda pembeni ikaingia kwenye nyama, mpaka mtu anatembea kama amekanyaga mwiba. Marehemu baba alikuwa nayo, unakumbuka alivyokitoboa kiatu chake kipya kwa kisu ili kidole kipumue, na wewe ukamnunia wiki nzima. Wanaokuja hapa hupigwa ganzi, wakakatwa ukingo wa kucha, kisha mzizi wake ukaunguzwa kwa dawa ili usiote tena. Dawa ziko mbili. Nusu ya watu wanapata hii na nusu wanapata ile, na sisi tunataka kujua ni ipi inakausha kidonda mapema na ni ipi inairuhusu kucha kurudi. Anayepima vidole baadaye hatakiwi kujua nani alipata dawa gani. Akijua, ataipendelea moja hata bila kujitambua, kama wewe unavyompendelea mdogo wangu kwenye mnofu halafu unasema mkono umeteleza. Mtu huyo asiyejua ndiye anayeitwa kipofu. Ni mimi, na mshahara wake si mbaya.

Tatizo ni kwamba watu hawanyamazi. Hata ukimsihi mtu asiseme alichofanyiwa, atakaa tu na kukwambia ile dawa ya maji maji ilimwasha. Kwa hiyo wakaweka pazia. Mimi nakaa upande mmoja kwenye kigoda, nina taa yenye shingo ndefu na rula ndogo ya chuma. Mgonjwa anakaa upande wa pili kwenye kiti. Chini ya pazia wameacha nafasi ya kupitisha mguu, nao unakuja mpaka kwenye kistuli changu. Naushika, nabonyeza pembeni ya kucha, naangalia usaha na wekundu, napima, naandika. Nikimaliza nagonga kisigino mara mbili kwa kidole, maana yake nimeshamaliza, vaa kiatu. Sisemi kitu. Ni sheria ya utafiti, maana neno moja huzaa la pili, na la pili ndilo linalotoa siri.

Na haiishii kwenye pazia. Wagonjwa wanaingia mlango wa mbele, mimi napita wa nyuma, kwenye mapipa. Wauguzi wanaotibu hawatakiwi kuniambia lolote, kwa hiyo nikiingia chumba cha chai wananyamaza wote na kuangalia vikombe vyao. Si watu wabaya. Wanaogopa kukosea, na mtu akikuogopa kila siku mwishowe hata habari za mvua hakupi. Nikaanza kunywa chai yangu kwenye kigoda. Jioni narudi chumbani kwangu, juu ya duka la magodoro, nafungua redio ili kuwe na mtu anayeongea. Nilijikaza kisabuni, mama, lakini kuna wiki moja nilifika Ijumaa nikagundua kwamba tangu Jumatatu nilichosema kwa sauti ni bei ya nyanya.

Basi miguu ikawa ndiyo watu wangu. Namba zao sizipendi, nikawapa majina kimoyomoyo. Na mmoja kati yao ndiye aliyenileta kwenye barua hii.

Siku ya kwanza mguu wake ulipita chini ya pazia ukiwa umeoshwa mpaka unanukia sabuni na umepakwa poda kama wa mtoto. Soksi aliyoivua ilikuwa imeshonwa kisigino kwa uzi wa rangi nyingine. Mguu wa mzee, mishipa imesimama, ngozi nyembamba. Nilimwita Bwana Poda. Alitii sheria, hakusema hata neno moja kuhusu dawa, ila hakuna aliyemkataza kuongea na pazia. Akaliuliza pazia limeamkaje. Akaliambia kwamba nje kuna upepo. Kisha akacheka peke yake, akasema siku hizi vijana hawaamkii wazee, hata mapazia nayo hayaamkii.

Mama, alikuwa anatania, lakini nilihisi nimepigwa kibao. Unakumbuka bibi alivyotufundisha kwamba shikamoo maana yake ni nashika miguu yako? Tukawa tunamvamia asubuhi na kumng'ang'ania vifundo vya miguu huku tukipiga kelele shikamoo, naye anatupiga kwa kitambaa cha kichwa. Sasa niko hapa, mwanao, nimeshika mguu wa mtu wa umri wa babu yangu kwa mikono yangu miwili, yaani nafanya kitendo chenyewe kilichobeba neno, na neno lenyewe nimekatazwa. Nilimgonga kisigino mara mbili. Akalishukuru pazia, akaondoka.

Alipokuja mara ya pili kidole kilikuwa kizuri sana. Kidonda kimekauka, ukingo umetulia, hata ukibonyeza hashtuki. Nikaandika hivyo. Wakati naandika akaliambia pazia, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba wakisema amepona hawatamwita tena. Akasema tangu mkewe afariki hakuna aliyemgusa ila kinyozi na huyu wa nyuma ya pazia, na kinyozi ana haraka. Nikaandika tarehe. Kisha nikamgonga kisigino, mara mbili.

Mara ya tatu mguu ulikuja umevimba. Nyama ya pembeni imepanda juu ya kucha, nyekundu. Ningeandika kwamba ugonjwa umerudi na ningekuwa sahihi kwa rula, lakini macho yangu, haya mnayoyaombea, yaliona kitu kingine. Hata kidole cha mwisho, ambacho hakikuwahi kuugua, kilikuwa kimechubuka juu, na kulikuwa na mstari wa mshono wa kiatu umejichora kwenye ngozi. Huyu mzee alikuwa amejibana mguu kwenye kiatu kidogo makusudi. Nikaandika kwamba kuna alama ya kiatu. Wauguzi walipomuuliza kule mlangoni nilimsikia akiwajibu kwamba viatu vyake vyote ndivyo vilivyo, wakampa dawa na kumwambia aje kila baada ya wiki mbili badala ya miezi. Aliporudi siku hiyohiyo kukaa upande wa pili wa pazia alikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda bahati nasibu. Akanisimulia habari za paka wa jirani.

Hapa ndipo pagumu, mama. Mdogo wangu, soma hivi hivi nilivyoandika.

Nilijua. Ningeweza kumfuata daktari mkuu siku ileile nikamweleza kile mzee alichoniambia, na kwamba anajiumiza ili aitwe. Sikumfuata. Nilijiambia kwamba kipofu hatakiwi kusema aliyoyasikia, kwamba nikisema watamtoa kwenye utafiti na nitakuwa nimemwonea. Maneno matupu. Ukweli ni kwamba na mimi nilikuwa nasubiri siku yake. Nilikuwa naosha rula mara mbili. Wiki yake ikifika naamka mapema bila sababu. Kulikuwa na mtu mmoja katika mji huu mzima aliyekuwa akiniuliza nimeamkaje, na bei ya swali hilo ilikuwa kidole chake, nami nikakubali alipe.

Alipokuja mara ya nne nilisikia harufu kabla sijauona mguu. Sabuni na poda havikuweza kuificha. Usaha ulikuwa chini ya kucha, na wekundu ulikuwa umetoka kwenye kidole ukapanda juu ya mguu mpaka karibu na kifundo, na mguu wote ulikuwa wa moto kama chungu. Naye anaongea tu na pazia, habari za paka amezaa, huku sauti inatetemeka kwa homa. Nikajiona nilivyo. Nilikuwa nimekaa pale na taa yangu, namwangalia mzee wa watu akioza kwa ajili ya salamu.

Nikaushika mguu kwa mikono yote miwili, nikasema shikamoo.

Nilifikiri labda hakusikia, au labda sauti haikutoka, maana nilikuwa sijaitumia siku nyingi. Nikarudia, kwa nguvu. Shikamoo, baba. Basi upande wa pili nikasikia kiti kikilia, naye akaitikia marahaba, marahaba mwanangu, na sauti haikuwa ile ya mzaha. Sikuuachia mguu, mama. Nikamwambia kupitia kitambaa kwamba viatu vile asivivae tena hata mara moja, kwamba kidonda kinapanda na kitamla mguu, na kwamba kama anataka kujuliwa hali hahitaji kuugua, mimi nitakuja kumjulia hali akiwa mzima. Karani wa mapokezi alipofunua pazia alitukuta hivyo. Mimi sikumwangalia mzee usoni, nilitoka kwa mlango wangu wa nyuma nikaenda kwa daktari mkuu kwa miguu yangu mwenyewe.

Daktari mkuu ni mama mmoja ambaye akikasirika ndipo anaongea polepole. Aliniuliza nimejua tangu lini. Nikamwambia tangu mara ya pili nilisikia, tangu ya tatu nilijua. Akavua miwani akaifuta muda mrefu. Akasema hilo la kuamkia ni kosa dogo, pazia likichanika hushonwa. Kosa kubwa ni zile wiki nilizonyamaza. 

Kwa hiyo mimi si kipofu tena. Kigoda wamempa mwingine. Ule utafiti mpya nilioahidiwa, wa miaka miwili, ule uliomfanya mjomba atangaze mtaa mzima kwamba nitajenga, haupo tena kwangu. Mpaka mkataba uishe naosha na kuchemsha vyombo chumba cha nyuma. Matokeo ya kidole cha mzee yamewekwa pembeni, hayatahesabiwa kwenye dawa yoyote. Naona hivyo ni haki.

Yeye walimlaza wodini, wakamfungua kidole, wakamtundikia dripu. Siku ya pili, saa ya kuona wagonjwa, nikaenda. Ndipo nikakumbuka kwamba simjui. Sijui jina, sijui uso. Nikatembea katikati ya vitanda nikiangalia miguu inayotokeza kwenye mablanketi, watu wakinitazama kama mwizi wa soksi, mpaka nikaikuta ya kwangu, wa kulia una bandeji, wa kushoto una poda. Nikapandisha macho. Ni mtu mfupi, mama. Kwa sauti ile nilidhani ni pande la mtu. Ana masikio madogo na pengo la mbele. Alinitazama mikono kwanza, akasema alidhani mimi ni mnene, kwa jinsi mikono ilivyo na joto. Tulicheka mpaka muuguzi akatukemea.

Aliuza viatu maisha yake yote, ndiyo maana alijua hasa kipi cha kumuumiza na kwa kiasi gani, ingawa safari hii alikosea hesabu. Sasa ametoka hospitali. Anakaa nyuma tu ya lile duka la magodoro ninapoishi, muda wote huu tulikuwa tunatenganishwa na ukuta na kichochoro. Daktari mkuu, kwa sauti ya polepole, ameniruhusu kumbadilishia bandeji jioni baada ya kazi. Vile viatu tuliviweka nje, na paka wa jirani amehamishia watoto ndani yake.

Sasa kuhusu rafiki zangu. Nimechelewesha mpaka hapa kwa sababu najua ulivyofurahi kila nilipokuandikia habari zao. Fundi rangi ni mguu. Ana madoa ya rangi kwenye kucha, kila mara rangi nyingine, nikawa najua amepaka nyumba ya kijani au ya buluu. Mcheza mpira ni mguu wenye kovu kwenye ugoko. Mama mwenye pete anavaa pete kwenye kidole cha pili na hapendi kuguswa nyayo, anacheka. Sijawahi kuona sura zao. Nilikuandikia kwamba fundi rangi ananichekesha, na ni kweli, lakini hajui. Siku moja nilimwona kwenye foleni ya mkate, yaani niliona vidole vyake ndani ya kandambili, rangi ya chungwa, nikafurahi kama nimemwona ndugu. Nikamkaribia huku natabasamu. Akanitazama, akahamishia mfuko wake mkono wa pili, mbali na mimi. Nilirudi chumbani bila mkate, na usiku ule ndio nilikuandikia kwamba tulikutana tukaongea sana. Nisamehe. Sikutaka ukose usingizi kwa kujua kwamba mwanao hana mtu.

Kwa hiyo hakuna wa kunisindikiza nyumbani. Na amri yako, mama, nakuomba kwa heshima zote uniruhusu nisiitii kwa sasa. Kidole hakijakauka. Nataka nikione kikipona kabisa, na kikipona niendelee kwenda, maana ndivyo nilivyomwahidi kupitia kitambaa. Mkataba ukiisha nitatafuta kazi nyingine hapa, hata ya kuuza viatu. Najua nyumbani mnanihitaji. Lakini huku, kwa mara ya kwanza tangu nifike, nisipoonekana jioni moja kuna mtu atakayetoka mlangoni, na mguu wake mbovu, kuniulizia. Nikaona nikae kidogo na jambo hilo.

Nisalimie mjomba, mwambie sijengi kwanza. Nisalimie shangazi, mwambie afungue, ale. Wasalimie majirani wote walioleta pole ya macho yangu, na vyakula walivyoleta msivirudishe. Zamani nilizoea kumaliza kwa kusema rafiki zangu wote wanakusalimu. Safari hii anayekusalimu ni mmoja tu. Amekaa hapa pembeni, mguu juu ya kigoda, anataka nikuandikie kwamba umelea.

Mdogo wangu, sasa weka barua mapajani. Piga magoti, ishike miguu ya mama yote miwili, yenye magaga na yote, uishike vizuri kama tulivyokuwa tukiishika ya bibi. Usiiachie. Kisha soma kwa sauti mstari huu wa mwisho, kwa ajili yangu mimi niliye mbali.

Shikamoo, mama.

Ni mimi mwanao wa pili,
mwenye macho yake mawili.